Mikia Arobaini ya Ngiri

Hapo zamani za kale, ngiri walipokuwa bado na nyumba, majiko na vitanda vya kamba kama sisi, kijiji chao kilikuwa bondeni, na kilikuwa na desturi moja ya ajabu. Ngiri hawakuhesabiana kwa sura. Walihesabiana kwa mikia.

Msicheke. Mmewahi kumwona ngiri akikimbia? Mkia juu, wima, na mwenzake nyuma hivyo hivyo. Basi mwenyekiti wao, Mzee Kipembe, alikuwa akisimama nyuma ya mstari na kuhesabu: mkia, mkia, mkia. Ikifika arobaini anasema, "Tumetimia," na kila mtu anakwenda kulala. Babu yake alihesabu hivyo, baba yake alihesabu hivyo, na Mzee Kipembe hakuwa mtu wa kubadilisha kitu kinachompa usingizi.

Mwaka huo akaja Chui. Akahamia kwenye mkwaju ulioko nje ya kijiji. Akasema amezeeka, meno yanamuuma, nyama ameacha, siku hizi anakula ukwaju tu. Na kwa wema wake, kila jioni akawa anamwaga chini ya mti ule machicha ya pombe ya mtama. Matamu hayo, na harufu yake inaita watu kutoka mbali. Alikoyapata hatukuambiwa.

"Karibuni majirani," alisema. "Kuleni mshibe. Mimi nitakaa huku juu nipunge upepo."

Ngiri wakaenda. Ungekuwa wewe usingekwenda? Wakazika pua kwenye machicha, chapu chapu chapu, macho wamefumba, vichwa vimeanza kuwa vyepesi. Mara kitu kikashuka, kwap, kikapanda tena, kimya. Aliyekuwa pembeni akaona nafasi imepatikana, akasogea ale vizuri. Hakuuliza nafasi imetoka wapi.

Sasa hapa ndipo panaponichanganya hata mimi, kwa hiyo sikilizeni taratibu. Harufu ya machicha haikukomea bondeni. Ilipanda kilima, ikashuka upande wa pili, na ngiri wa huko wakaifuata. Wakajificha vichakani, maana Mzee Kipembe alikuwa ameweka sheria: wanaokula ni arobaini, hakuna wa ziada. Nafasi ikitokea, mmoja wa vichakani anachomoka, anazika pua, anakuwa wa arobaini. Wakimaliza kula, naye anainua mkia anakimbia na wenzake, asije akatambuliwa akanyimwa kesho.

"Arobaini," anasema Mzee Kipembe. "Tumetimia. Kila mmoja kwake."

Na yule mgeni anazunguka mpaka aone nyumba yenye kitanda kitupu. Anaingia.

Ndivyo mmoja wao alivyoingia nyumbani kwa Mama Kidawa. Mama Kidawa alikuwa anasonga ugali. Akageuka amkaribishe mumewe, mwiko ukabaki hewani.

"Wewe nani?"

Ngiri yule akababaika. "Mimi wa hapa."

"Wa hapa nani?"

"Wa kitanda hiki."

Mama Kidawa akaacha sufuria jikoni, akaenda mbio kwa mwenyekiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Baba Kidawa hajarudi."

"Amerudi. Nimehesabu."

"Aliyerudi si yeye, mzee."

"Mama Kidawa, iliondoka mikia mingapi? Arobaini. Imerudi mingapi? Arobaini. Mumeo angekuwa hajarudi, mimi ningeipata wapi arobaini?"

Mama Kidawa akahesabu kimoyomoyo. Hesabu ilikuwa sawa. Akaipindua huku na huku, bado sawa.

"Lakini Baba Kidawa pembe yake ya kushoto imemeguka. Huyu anazo zote mbili nzima."

"Basi mshukuru Mungu, imeota."

Majirani wakatoka nje kusikiliza. Na Chui naye, juu ya mkwaju, akapaza sauti kwa upole. "Jamani, tangu nianze kuwakirimu, mmepungua hata mmoja?"

"Hatujapungua," wakajibu.

"Basi mwambieni dada yetu apumzike. Uchovu huo."

Mama Kidawa akarudi nyumbani. Ugali ulikuwa umeanza kuungua. Akaupakua, akamwekea mgeni, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mgeni akala kwa adabu, akanawa, akashukuru. Asubuhi majirani wakampungia mkono, "Baba Kidawa, umeamkaje?" Naye akaitika, "Salama." Akaitika vizuri kabisa, mpaka Mama Kidawa akaanza kujiuliza kama ni yeye aliyesahau uso wa mumewe mwenyewe.

Iliuma. Alitaka kulia, lakini utamliliaje mtu ambaye kijiji kizima kinasema yupo na amekula ugali? Matanga ya mtu aliyehesabiwa hayawekwi.

Mambo yakaendelea hivyo. Kila nyumba ikawa na utata wake, na kila mmoja akadhani utata ni wa nyumbani kwake tu, akaufunika. Mpaka siku Mzee Kipembe alipobisha hodi kwa Mama Kidawa.

"Bibi wa nyumba ya tatu magoti yamemshinda, hawezi tena kwenda mkwajuni. Kidawa amekua. Kesho ataingia mstarini."

"Kidawa haendi," akasema mama yake.

"Asipoingia tutakuwa thelathini na tisa. Unataka tupungue?"

Kidawa mwenyewe alikuwa mlangoni, macho yanang'aa, anasikia harufu ya machicha tangu mchana. "Mama, wote wanakwenda na wote wanarudi. Mzee anahesabu."

Mama Kidawa alijua jambo moja tu, kwamba mtoto akienda, kesho jioni ataingia msichana mwingine aseme yeye ni Kidawa, na kijiji kitamwambia amshukuru Mungu.

Akatoka nje, akakaa kwenye kigogo. Hapo ndipo alipomkuta Nguchiro, naye amekaa, amejishika tumbo.

Nguchiro alikuwa jirani. Kazi yake ilikuwa kuwatoa ngiri kupe mgongoni, na mshahara wake ni kupe wenyewe. Kitoweo na ajira pamoja.

"Mama Kidawa," akasema, "mimi nina njaa na sielewi. Zamani mumeo akiniona tu alikuwa analala kifudifudi, 'Njoo kijana, nikune.' Siku hizi nikimrukia ananitupa kama jiwe. Na wa nyumba ya pili vilevile. Wamekuwaje hawa?"

"Si wao."

"Si wao?"

"Si wao, Nguchiro. Lakini mikia imetimia."

Nguchiro akautazama mkia wake mwenyewe, mrefu kiasi, mwembamba ncha. Akauinua. Akaushusha. Akauinua tena.

"Kesho mwache Kidawa aende," akasema. "Wewe nenda naye kando ya mstari, usihesabiwe, umshike mkono. Asiiname kula mpaka utakaposikia watu wanagombana."

"Watagombana juu ya nini?"

"Juu yangu, ingawa hawatajua."

Jioni ya kesho yake ngiri wakapanga mstari chini ya mkwaju. Juu, Chui alikuwa ameshajilamba midomo. Mzee Kipembe akasimama nyuma, akaanza. Mkia, mkia, mkia. Thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini.

Arobaini na moja.

Mzee Kipembe akasimama. Katika maisha yake hakuwahi kulitamka neno hilo. Akafuta jasho.

"Nimekosea," akasema, akaanza upya. Safari hii Nguchiro, aliyekuwa katikati ya mstari kwenye majani marefu, akashusha mkia. Arobaini kamili.

"Afadhali. Ngoja nihakikishe." Nguchiro akauinua. Arobaini na moja.

"Kuna mtu amezidi," akatangaza Mzee Kipembe. "Hali mtu hapa mpaka aliyezidi apatikane."

"Mzee, waache wale," akasema Chui kutoka juu. "Machicha yanachacha."

"Sheria ni arobaini."

"Mmoja akizidi ana ubaya gani? Mimi kwa upande wangu ningefurahi."

Ndipo sauti nyembamba ikatoka majanini. "Mzee, mgeni hajulikani kwa mkia. Geukeni mtazamane. Kila mmoja aseme jirani yake ni nani."

Ngiri wakageuka. Tangu mstari ule uanze kupangwa, hawakuwahi kutazamana. Ikawa vurugu.

"Wewe nani?"

"Mimi shemeji yako."

"Shemeji yangu ni mwanamke."

"Na wewe je, unakaa wapi?"

"Nakaa nyumba ya mlango wa bluu."

"Hiyo ni nyumba yangu!"

"Basi mimi nakaa ile nyingine."

Mzee Kipembe akawa anakimbia kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. "Polepole. Namtafuta mmoja tu, aliyezidi. Ni huyu? Toka pembeni. Na huyu simjui, toka. Na huyu. Na wewe." Aliponyanyua macho, waliosimama pembeni walikuwa wengi, na waliobaki mstarini wangeenea kwenye mkeka mmoja. Akakaa chini kama gunia. "Haiwezekani. Amezidi mmoja, nami nimetoa wageni thelathini na mmoja. Jamani, nani ananisaidia hesabu hii?"

Mama Kidawa akatoka mbele, amemshika mwanawe mkono.

"Mzee, achana na hesabu," akasema. "Kama hawa si wa kwetu, wa kwetu wako wapi?"

Macho yakapanda shina la mkwaju, taratibu, mpaka kwenye tawi.

Chui akajikuna sikio. "Msinitazame hivyo. Mlikuwa arobaini, mko arobaini. Nimepunguza nini?"

Yule mgeni wa nyumbani kwa Mama Kidawa ndiye aliyetangulia. Akapiga pembe chini ya mti, fuku, fuku. Wa bondeni na wa kilimani wakamfuata, na mnajua ngiri akianza kufukua hafanyi mzaha. Fuku fuku fuku, mizizi ikaanza kuonekana, mkwaju ukalia ngr-r-r, ukainama. Chui akaruka, puu, juu ya machicha yake mwenyewe, akateleza, akainuka, akatimua mbio na mtama umemganda usoni. Nasikia alihamia bonde jingine. Sijui huko wanahesabu nini.

Wageni wakaagana. Yule wa Mama Kidawa akasimama mlangoni, ameinamisha kichwa.

"Shemeji, unisamehe. Nilikula ugali usio wangu."

"Una mke huko kwenu?"

"Ninaye." Akaitazama njia ya kilimani. "Sasa ndipo ninapojiuliza ni nani anaitikia jina langu."

Akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Kesho yake jioni Mzee Kipembe akawaita wote uwanjani. Hakusimama nyuma. Alisimama mbele, akawatazama mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza akaita majina. Aliyaita yote, ya waliokuwepo na ya wasiokuwepo.

"Kidawa."

"Nipo, mzee."

"Baba Kidawa."

Kimya.

Akaita tena, polepole. "Baba Kidawa."

Mzee Kipembe akavua kofia yake. "Mama Kidawa," akasema, "mumeo hajarudi."

Ndipo Mama Kidawa alipolia, na kijiji kizima, walikuwa kumi na wawili tu, wakakaa matanga pamoja naye. Hata Nguchiro alikaa, na siku hiyo hakumgusa mtu mgongo.

Nanyi wanangu, shikeni hili: anayehesabu mikia bila kutazama nyuso huambiwa ametimia huku anakwisha.