Mawifi wa Mashine ya Mpunga

Wenye nyumba wakishukiana, mgeni huwashuku wote.

Mmemsikia mjomba wenu akiwatupia maneno hayo vijana wa kwaya waliokuwa wakisutana, nanyi mmekuja kuniuliza yametoka wapi. Basi sogeeni. Hayakutoka mbali. Yalitoka hapahapa Kyela, penye mashine ya kukoboa mpunga iliyokuwa ikitazamana na kibanda changu cha kushona magunia.

Mashine ile aliijenga Ambakisye. Alipofariki, ukoo ulikaa ukaamua iwe ya watu wawili: mjane wake Tumwagile, na dada yake Sekela aliyemkopesha mtaji wa kuanzia. Mawifi hao walielewana vizuri. Tumwagile alipokea wateja na kuandika mauzo. Sekela alishughulikia dizeli, vipuri na kulipa kodi. Kodi walilipa. Hilo nawaambia mapema ili msije mkadhani nawasimulia habari za wezi.

Mwaka mmoja, mvua zilipokuwa zimekolea, ilikuja barua ya watu wa kodi. Wakaguzi wangefika kuangalia hesabu za miaka iliyopita. Aliyeipokea ni Tumwagile. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaisoma tena, kisha akaikunja na kuificha kifuani. Siku hizo alikuwa amekwaruzana kidogo na wifi yake, ambaye alitaka wauze mashine wagawane. Wazo likamjia: kwa nini barua ije sasa? Nani amewapelekea maneno?

Hakumwambia Sekela. Akawa anamtazama tu.

Lakini Kyela ni mji mdogo. Kabla jua halijageuka, mtu aliyeileta barua alikuwa amekwishamwambia Sekela, "Poleni na ukaguzi." Sekela akaja mashineni akisubiri wifi yake aseme. Tumwagile akazungumzia mvua. Akazungumzia bei ya mchele. Habari ya barua hakuigusa. Sekela akarudi nyumbani. Mwenzangu ananificha barua ya serikali, aliwaza. Bila shaka anataka mzigo unidondokee mimi peke yangu.

Ndivyo maandalizi yalivyoanza. Badala ya kukaa pamoja na kupanga karatasi zao, kila mmoja alijiandaa dhidi ya mwenzake. Tumwagile alihamishia madaftari ya mauzo nyumbani kwake, eti asije mtu akayachezea. Sekela alipoona rafu tupu, alibeba sanduku la stakabadhi, za dizeli na za kodi, akalifukia ndani ya mpunga kwenye ghala lake. Tumwagile akabadilisha kufuli. Sekela akaweka la pili juu yake. Asubuhi wateja walikuwa wakisimama kwenye tope na magunia vichwani, wakingoja wote wawili wafike ndipo mlango ufunguke.

Nami walinijia. Tumwagile alikuja akijifanya ananunua magunia.

"Baba, hujamwona wifi yangu akiongea na mgeni yeyote?"

Nikasema sijaona. Haukupita muda, Sekela naye akaja akijifanya ananunua magunia.

"Wifi yangu alikuja kukuuliza nini?"

Nikamjibu kwamba alitaka magunia. Alinitazama kama mtu anayeonjeshwa sumu. Tangu hapo wote wawili wakawa wananishuku mimi.

Wateja nao hawakuwa vipofu. Wakaanza kunong'ona: wenyewe hawaaminiani, sisi tuna uhakika gani na mizani yao? Mmoja akahamishia mpunga wake kwingine, wa pili akafuata.

Siku ya ukaguzi ikafika. Walikuja wawili, kijana mmoja na mama wa makamo aliyeitwa Bi Mwanaidi, mpole, mwenye viatu vilivyojaa tope la kwetu. Niliitwa nishuhudie kama jirani. Mama yule alikaa, akashukuru kwa kiti, akasema, "Mama zangu, hatutawachosha. Naomba madaftari ya mauzo na stakabadhi."

Tumwagile akasema, "Stakabadhi anazo wifi. Alizichukua bila kuniambia."

"Nilizichukua baada ya yeye kuficha madaftari," Sekela akajibu. "Na barua yenu pia aliificha. Muulizeni kwa nini."

"Muulizeni yeye nani aliwaita!"

Bi Mwanaidi aliweka kalamu chini. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kisha akayatazama yale makufuli mawili mlangoni.

"Aliyetuita?" alisema. "Hakuna aliyetuita. Mwaka huu tunakagua mashine zote za mpunga za wilaya. Jana tulikuwa kwa wenzenu wa Ipinda, tukamaliza kabla ya chai. Na barua ile tuliiandika kwa majina yenu yote mawili."

Mvua ilikuwa ikipiga bati.

"Nilikuja na maswali machache," mama yule akaendelea. "Sasa ninayo mengi. Wenye nyumba mkishukiana, mimi mgeni nifanyeje? Nitawashuku wote. Nileteeni kila kitu. Kisichoonekana, tutakikadiria wenyewe."

Makadirio! Neno hilo liliwainua wote wawili. Tumwagile alikwenda kwake akarudi na madaftari yote, salama. Sekela alikwenda ghalani. Alikawia. Tulipomfuata tulimkuta amepiga magoti katikati ya mpunga, sanduku wazi mbele yake. Paa lilikuwa limevuja. Maji yalikuwa yamepenya sandukuni, na karatasi zilikuwa zimeshikana kama uji ulioganda.

"Wifi," alisema, bila kuinua uso, "za kodi zilikuwa juu."

Nilidhani Tumwagile atapiga kelele. Alivua kitenge chake cha juu, akakitandika sakafuni, akapiga magoti naye, akaanza kuzibandua moja moja. Kila iliyosomeka waliiweka upande huu, iliyofutika upande ule. Upande wa zilizofutika ukawa mkubwa.

Wakaguzi walikubali zilizosomeka. Nyingine wakazifuatilia katika kumbukumbu zao, wakapata baadhi. Zilizobaki zikakadiriwa, na mawifi wakalipa mara ya pili kodi waliyokwisha kuilipa. Walilazimika kuuza shamba la Ambakisye la kule mtoni, lile alilolipenda kuliko mashine. Siku ya kuliuza walikwenda pamoja, wakasimama kwenye kingo zake kwa muda mrefu, na ndipo nilipowaona wakilia.

Mashine ilibaki, ingawa wateja wengine hawakurudi tena. Makufuli wakayaondoa yote mawili, wakaweka moja jipya lenye funguo mbili. Sikuwasikia wakiombana msamaha. Lakini tangu mwaka ule, barua yoyote iliyokuja, hata ya mwaliko wa harusi, Tumwagile aliiweka juu ya mizani bila kuifungua, akaketi, akangoja wifi yake afike.

Maneno ya Bi Mwanaidi niliyatoa mimi pale mashineni nikayapeleka sokoni, na soko likayafupisha. Kwa hiyo mkiyasikia tena msidhani yanamsema mgeni mbaya. Mgeni yule alikuja kwa wema, akanywa maji yetu, akashukuru kwa kiti. Waliomfundisha kushuku ni wenyeji wake.

Wenye nyumba wakishukiana, mgeni huwashuku wote.