Neno Juu ya Mihambo

Hapo zamani, tena msinikodolee macho kwamba ni zamani gani yenye zahanati na baiskeli, zamani ni yangu na mimi ndiye ninayesimulia, kulikuwa na kijiji cha warina asali kikiitwa Igumila. Kiangazi kikianza, wanaume wa Igumila waliingia porini, wakapiga kambi huko wiki sita, wiki saba, kisha wakarudi na asali na ndevu.

Kijiji hicho kilikuwa na desturi moja, nawaomba mwishike vizuri maana ndiyo itakayotugombanisha. Mtu akipotea porini, yule aliyemrudisha anapewa neno moja juu yake. Moja tu. Akishalisema, aliyepotea analitii maisha yake yote na hakuna wa kulipinga. Mzee mmoja aliambiwa asimpige tena mkewe, akakoma. Mwingine aliambiwa aache kuimba kanisani, naye akakoma, ingawa alinuna miaka mitatu.

Sasa, alikuwepo Mihambo. Mihambo alikuwa msikilizaji wa kambi. Kazi ya msikilizaji ni kupanda mti, kuugonga mzinga kwa kifundo cha kidole, kuweka sikio kwenye gogo, halafu kuwaambia walio chini, "Bado," au, "Tayari." Mzinga ukifunguliwa mapema, masega yanaharibika na nyuki wanahama. Mihambo hakuwahi kukosea.

Rafiki yake alikuwa Nkwabi. Walikua pamoja, wakaoa mwaka mmoja, na bangi walianza siku moja wakiwa na miaka kumi na mitano. Msokoto ulikuwa mmoja, na Nkwabi ndiye aliyeusokota. Kambini wengi walivuta, walisema inaondoa woga wa kupanda. Lakini sikieni: jani lile lile, moto ule ule, vifua viwili. Nkwabi alivuta kambini, na akirudi kijijini hata hakuikumbuka. Mihambo alivuta kambini, na akirudi kijijini akavuta. Akavuta jioni. Akavuta mchana. Mwisho akawa anavuta kabla ya chai.

Mkewe Kalunde, mwanamke mfupi asiyejua kunong'ona, akamwambia, "Baba Tabu, acha hicho kitu."

"Bangi haina uteja, haimfungi mtu, Mama Tabu. Hili ni jani tu. Nikitaka kuacha, naacha leo."

"Basi acha leo."

"Leo sitaki."

Mwezi uliofuata akamwambia tena, akajibiwa vile vile. Mwezi mwingine, vile vile. Siku moja Mihambo akakasirika, akaamua kumwonyesha. Akaacha. Siku ya kwanza hakupata usingizi. Siku ya pili hakula, na jasho lilimtoka akiwa amekaa kivulini. Siku ya tatu aligombana na mlango kwa sababu ulipiga kelele. Siku ya nne alivuta, akasema, "Sikushindwa. Nimeamua." Mwenye mteja wa bangi nyumbani anayajua maneno hayo, hata wewe unayecheka hapo nyuma unayajua.

Kalunde akaenda zahanati kwa Nesi Skola. Foleni ilikuwa ndefu, watoto wanalia, nesi hajala tangu asubuhi. Kalunde akaeleza. Nesi Skola akasema bila kuinua kichwa, "Bangi tu hiyo, mama. Wangapi wanavuta? Ataacha mwenyewe. Anayefuata!" Kalunde akarudi alikotoka.

Kiangazi kikafika. Siku moja kambini Mihambo akashuka mtini, akasema, "Nyuki wameniambia."

"Wamekuambia nini?"

"Kwamba mzinga wa mtoni uko tayari."

Wakaenda mtoni, wakakuta uko tayari. Jamani! Kwingine kokote mtu akisema anasemeshwa na nyuki, ndugu zake wanatazamana. Warina asali wa Igumila walishangilia. Mkuu wa kambi, Mzee Kasele, mtu aliyependa sana kusimama mbele ya watu, akasimama akatangaza, "Nyuki wamemchagua!" Mihambo akapewa ngozi ya kukalia. Akapewa sega la kwanza. Na kwa kuwa alisikia zaidi akivuta, akapewa bangi zaidi, kila mtu akitoa ya kwake. Nani alikuwa akimsokotea? Nkwabi.

Kalunde akapata habari. Akafunga safari mpaka kambini, mahali ambapo mwanamke hakuwahi kukanyaga, akasimama katikati akapaza sauti. "Mume wangu anaumwa!"

"Rudi nyumbani," akasema Mzee Kasele. "Mwanamke anajua nini habari za nyuki?"

"Nyuki siwajui. Mume wangu namjua."

Wakamcheka, wakamsindikiza njia ya kurudi. Na mimi nikifika hapa huwa nakasirika, nisamehewe, maana katika kambi nzima mwenye akili timamu ndiye aliyefukuzwa.

Siku zikaenda, na nyuki wa kichwani wakabadilika. Wakamwambia Mihambo kwamba asali imetiwa sumu. Wakamwambia Mzee Kasele ndiye aliyetia. Wakamwambia hata Kalunde anajua. Mihambo akaacha kula cha watu, akaacha kunywa maji ya kambi. Asubuhi moja akaingia porini peke yake, bila viatu, bila shoka, bila maji.

Wenzake wakamtafuta siku tatu, wakachoka. Mzee Kasele akasema, "Waliomchagua watamrudisha," akakaa, na wengine wakakaa. Nkwabi hakukaa. Alifuata nyayo, zilipopotea akafuata majani yaliyovunjika, na siku ya tano akamkuta Mihambo juu ya mti mrefu ameukumbatia mzinga, uso umevimba, midomo imepasuka.

"Shuka, ndugu yangu."

"Wamenikataza."

Nkwabi akapanda. Hakuwa na moto, hakuwa na moshi, na nyuki wale walikuwa wa kweli. Walimuuma mpaka jicho moja likafumba. Akamfunga Mihambo mgongoni kwa kamba ya magome, akashuka naye, akambeba siku mbili. Alipofika Igumila alimweka chini mlangoni kwa Kalunde, kisha naye akaanguka.

Mzee Kasele akaja na wanaume wake. "Arudishwe kambini tumtulize. Kumpeleka zahanati ni kuwatukana nyuki."

Kalunde akampakia mumewe nyuma ya baiskeli, akamfunga kwa kanga mbili asianguke, akaanza kuisukuma. Wanaume wakasimama njiani. Kalunde akaliteremsha begani shoka la mumewe, alilokuwa amelitoa nyumbani.

"Mlimfanya ngoma yenu, mkacheza mkashiba. Sasa ni mgonjwa wangu. Anayetaka kunizuia asogee mbele nimwone vizuri."

Hakusogea mtu. Akasukuma baiskeli ile tangu asubuhi mpaka alasiri, kwenye mchanga, kwenye mawe, Mihambo akimtukana njia nzima kwa maneno ya nyuki, na yeye akimjibu kila tusi.

Nesi Skola alipowaona alimkumbuka Kalunde, akaona aibu, akasema wazi, "Mama, ulikuja nikakufukuza. Lile lilikuwa kosa langu." Akawapa chumba. Akaagiza daktari wa wilaya aje, dawa ikaanza. Kila siku akakaa na Mihambo kwenye benchi.

"Unazisikia zile sauti?"

"Nazisikia."

"Mimi sizisikii. Lakini naamini kwamba wewe unazisikia."

Siku ya kumi akauliza hivyo. Siku ya ishirini, hivyo hivyo. Siku ya arobaini Mihambo akajibu, "Leo zimenyamaza." Nesi Skola akaingia stoo akalia kidogo, akatoka akaendelea na kazi.

Kalunde akamuuliza, "Nesi, mbona Nkwabi amevuta ile ile na yuko mzima?"

"Si kila anayevuta anaugua, mama. Wengine haiwagusi. Wengine inawashika wasiweze kuiacha, na huo ndio uteja wenyewe, ingawa watu wanabisha. Wengine inawavuruga akili, hasa walioanza wadogo, au wenye ugonjwa huo kwenye ukoo. Huwezi kumtazama mtu usoni ukajua yeye ni yupi."

Kalunde akainama. "Babu yake alikuwa akigombana na watu wasiokuwepo."

"Hukuniambia."

"Hata yeye sikumwambia. Mama mkwe aliniomba nifiche, nikaona aibu, nikaficha."

Bado kuna jambo moja. Arosto, yale mateso ya mwili unaodai bangi, haikuwa imekwisha. Usingizi wa Mihambo ulikuwa haba, na kila alichokula kilikuwa hakina ladha. Mchana mmoja Nkwabi akaja kumtazama. Nesi alikuwa kwa wagonjwa wengine, Kalunde amekwenda bombani. Nkwabi akamwona rafiki yake anavyoteseka, moyo ukamuuma, akatoa msokoto mfukoni. "Kidogo tu, ndugu yangu. Upate kulala." Nkwabi hakuwa mbaya. Alimpa alichokuwa nacho.

Mihambo akaupokea. Akaunusa. Mwili wake wote uliutaka, tangu utosi hadi nyayo, na hakukuwa na mtu wa kumwona wala wa kumlaumu. Akaukata mara mbili. Akaukata mara nne. Akautumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kupigia deki.

"Nenda, Nkwabi. Ukija tena, uje mikono mitupu."

Miezi ikapita, kiangazi kingine kikaja. Wanaume wa Igumila wakafunga mizigo ya kambi, wakakusanyika uwanjani, na Mihambo akaja naye na shoka lake begani. Hapo ndipo lilipozuka swali la desturi. Mihambo alipotea porini. Mihambo alirudishwa. Nani ana neno juu yake?

Nkwabi akasema, "Mimi. Wengine walikaa, mimi sikukaa. Bila mimi mngezika mifupa, kama mngeiona. Na neno langu ni hili: arudi kambini. Kumnyima pori mtu huyu ni kumuua polepole. Nitakuwa ubavuni mwake."

Kalunde akasema, "Ubavuni ulikuwepo toka mwanzo, shemeji, unasokota! Neno ni langu. Ulimtoa porini ukamweka mlangoni, na hapo mlangoni wangemrudisha kule kule. Bila mimi angekuwa kambini sasa hivi, amekalia ngozi, anaoza akili mkimpigia makofi. Neno langu: asikanyage kambi maisha yake yote. Kambini kuna moshi, na moshi huo ulishamchukua mara moja."

Mzee Kasele akakohoa ili aseme. "Wewe kaa," akasema Kalunde, na mzee akakaa.

Nesi Skola alikuwa amekuja kwa baiskeli. Akasema, "Ninyi mlileta mwili. Nkwabi aliutoa porini, Kalunde akaufikisha kwangu, lakini Mihambo mwenyewe alikuwa bado amepotea. Mimi ndiye niliyemfuata huko alikokuwa, siku arobaini. Nilikosa mara ya kwanza, nakiri, lakini nani hapa hakukosa? Wewe ulisokota, wewe ulificha. Neno langu: aendelee na dawa, mwaka mmoja asiingie porini, kisha tumpime. Si daima wala si leo."

Ndipo Mihambo akalitua shoka lake.

"Nimebebwa. Nimesukumwa. Nimenyweshwa dawa. Nawashukuru wote, na sitasahau. Lakini siku ile msokoto ulikuwa mkononi mwangu, na mkono huo hakuna aliyeushika. Mngenibeba mara mia na kunitibu mara mia, kama ningeuwasha mchana ule ningekuwa bado porini. Aliyemrudisha Mihambo ni Mihambo. Mimi si mzinga, kila apitaye anichonge alama yake! Nipeni neno langu, na nikishapewa ndipo mtalisikia."

Nesi Skola akamwuliza taratibu, "Na siku sauti zile zikirudi, Mihambo, atakayekuwa anasema neno hilo ni wewe au ni zenyewe?"

Mihambo akalitazama shoka lake pale chini.

"Hilo naliogopa kuliko ninyi," akasema. "Lakini nikiogopa kichwa changu mpaka nikakigawa kwa watu, basi nyuki wameshinda bila kurudi. Sikubali. Nipeni neno langu."

Akaliinua shoka, akaliweka begani. Nkwabi akamshika mkono wa kulia, amvute kuelekea porini. Kalunde akamshika mkono wa kushoto, amvute kuelekea nyumbani. Nesi Skola akasimama mbele yake na kikopo cha dawa. Wanaume walikuwa wameshajitwika mizigo, na safari haikungoja mtu.

Sasa msiniambie wagawane. Neno ni moja, na likishasemwa halirudi. Msiniambie pia apewe mwenye makosa machache, maana aliyesokota ndiye aliyepanda mti, aliyeficha ndiye aliyesukuma baiskeli, aliyefukuza ndiye aliyekaa kwenye benchi, na aliyesema haina uteja ndiye aliyeutupa msokoto ndooni. Mwanamume yule amesimama pale, akili yake mwenyewe ndiyo inayogombaniwa, na anasubiri jibu lenu. Je, neno juu ya Mihambo, nani alistahili kulisema?