Chokaa Hukauka Kabla ya Wino

"Chokaa hukauka kabla ya wino." Ndivyo mtendaji alivyowaambia leo asubuhi, wewe Chiku na mumeo Mweri, mlipokwenda kuuliza kwa nini nyumba mliyoelewana na mwenyewe tangu mwezi wa mfungo haijawa yenu hadi leo. Nasikia ofisi nzima ilicheka, nanyi mkacheka ili msionekane wageni, kisha mkaja mbio kuniuliza maana yake. Mmefanya vizuri. Wino hukauka hujakifunika hata kidau chake. Chokaa ya ukutani hungoja kutwa nzima. Basi inakuwaje mvivu amtangulie mwepesi? Kaeni niwaambie maneno haya yalikotoka. Mtendaji ameyasikia kwa watu. Mimi nilikuwapo yalipozaliwa.

Hapa Kwamngazi palikuwa na mjinga mmoja. Namjua vizuri, maana kila asubuhi namnyoa ndevu mbele ya kioo. Usicheke sana, Chiku, damu yake unayo.

Mimi na bibi yenu Mwanamvua tulikuwa tumepanga vyumba saba katika miaka kumi na mmoja. Kitanda chetu kilikuwa kimepitishwa milango mingi hata nikadhani siku moja kitahama chenyewe. Ndipo tukasikia kwamba Bi Salha, mjane wa Mzee Ngoda Semboja, anauza nyumba yake ya vyumba vitatu kule karibu na kiwanda cha mkonge. Magoti yalikuwa yamemchosha, akataka kwenda kuishi kwa binti yake Same. Tukaiona nyumba, tukaipenda, tukauza shamba letu la michungwa na kumpa Bi Salha malipo mbele ya mashahidi wawili. Shamba limekwenda, urithi wa baba yangu umekwenda. Tusipoipata nyumba ile, hatuna pa kurudi. Hilo mlishike, maana ndilo lililoninyima usingizi.

Siku ya pili nikaenda mahakamani kifua mbele. Niliamini naenda kupigiwa muhuri mmoja nirudi kunywa chai. Karani alikuwa Bwana Nyange, mtu mrefu, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote mjini na mwendo wa kalamu kama wa kinyonga. Akausoma mkataba wetu, akauliza, "Hati ya nyumba ina jina la nani?"

"La marehemu Semboja."

"Marehemu hauzi, bwana Hiza. Kwanza ukoo ukae kikao na kuandika muhtasari. Bi Salha aje nao hapa aombe usimamizi wa mirathi. Tangazo libandikwe siku tisini, mwenye pingamizi ajitokeze. Lisipokuja pingamizi, atateuliwa. Akishateuliwa, hati iandikwe jina lake kama msimamizi. Ndipo aje mthamini, ilipwe kodi, kitolewe kibali, na msajili aandike jina lako."

"Siku ngapi?"

"Ukiwa na bahati, mwaka."

"Mwaka! Bwana Karani, mtoto mzima huumbwa kwa miezi tisa!"

"Mtoto haombi saini za shangazi zake," akasema, akarudi kwenye kalamu yake.

Naona Mweri unataka kuuliza swali nililouliza mimi: mlolongo wote huo wa nini, na muuzaji kakubali, mnunuzi kakubali? Nilidhani ni watu wa ofisi wanaojitafutia kazi. Nilikuja kujua kwamba kila muhuri una mtu nyuma yake aliyewahi kulia. Lakini wakati ule sikutaka kujua. Nilitaka kuingia ndani.

Na kuingia niliweza, maana Bi Salha alikuwa mwema. Alipohamia chumba cha uani akisubiri safari yake, alinipa ufunguo wa nyumba kubwa. "Weka vyombo vyako, mwanangu, panya wa kwa mwenye nyumba wako wasivimalize. Lakini usiguse kitu mpaka mambo yaishe."

Nilikaa na ufunguo ule mfukoni wiki mbili. Wiki ya tatu, kwenye kahawa, mtu mmoja akaniita "mpangaji wa kudumu", watu wakaangua kicheko. Nikainuka, nikanunua mfuko wa chokaa, nikaazima brashi ya katani na ngazi. Mwanamvua akanikuta nakoroga kwenye pipa.

"Baba Sauda, umeambiwa usiguse kitu."

"Chokaa si kitu. Chokaa ni usafi."

"Na wewe si mwenye nyumba. Ni mwenye ufunguo."

Nikajitia kiziwi. Mfuko ulikuwa mmoja na kuta ni nyingi, basi nikaongeza maji, nikaongeza tena, hata chokaa yangu ikawa nyepesi kuliko maziwa ya muuzaji mlafi. Nikapaka sebule, nikapaka vyumba. Chumbani kwa marehemu, nyuma ya mlango, palikuwa na mistari ya mkaa ukutani, imejaa kutoka usawa wa kichwa hadi karibu na sakafu. Nikaona uchafu wa watoto. Sikusoma hata neno moja. Nikapitisha brashi juu, chini, juu, chini, ukuta ukawa mweupe kama yai. Jioni nikawaita jamaa wa kahawa waje waone. Chokaa ilikuwa imekauka, nami nilijiona mwenye nyumba kamili. Tukahamia, na Bi Salha hakuiona chokaa, maana magoti yalikuwa yamemfunga kule uani.

Tangazo la mirathi likabandikwa, zikapita siku themanini na nne. Ya themanini na tano akaja mtu kutoka Kilosa, jina lake Mdoe, na karatasi ya pingamizi mkononi. Alisema ni mtoto wa kwanza wa Mzee Semboja, aliyezaliwa na mke mwingine kabla Bi Salha hajaolewa, na muhtasari wa ukoo haukumtaja.

Nilihudhuria shauri lile nikiwa nimekaa benchi la nyuma. Hakimu akamuuliza Bi Salha kama anamfahamu mtu huyu.

"Simfahamu, mheshimiwa, wala simkatai. Mume wangu alikuwa akisema watoto wake wote ameandika ukutani, nyuma ya mlango wa chumbani, kila mmoja na siku aliyozaliwa. Mimi sikujaliwa kusoma. Aliyemo ni mtoto, asiyekuwamo simjui."

Mdoe naye akasema, "Mama yangu aliniambia vivyo hivyo kabla hajafa. Cheti sina. Nina ukuta huo tu. Nisipokuwamo, nitarudi Kilosa na sitasumbua mtu."

Hakimu akafikiri, akasema jambo zuri: pande zote mbili zimekubali ukuta, basi karani aende akausome na kunakili. Maandishi yakionekana, shauri litakwisha. Yasipoonekana, itabidi watafutwe mashahidi wa Kilosa, wa Same na wa kila mahali Mzee Semboja alikopita maishani, na mauzo yote yasimame hadi hapo.

Wajukuu zangu, mmewahi kumwagiwa maji ya barafu mgongoni mahakamani, tena hamruhusiwi kupiga kelele?

Tukaongozana hadi nyumbani: Bwana Nyange na daftari na kidau cha wino, Bi Salha na fimbo yake, Mdoe, mimi na Mwanamvua. Bi Salha akausukuma mlango wa chumbani, Bwana Nyange akachungulia nyuma yake. Ukuta mweupe.

"Hapa ndipo?" akauliza karani.

"Ndipo," akasema Bi Salha. Akaupapasa ukuta kwa kiganja, kikaja na unga mweupe. Akanigeukia. "Hiza. Nilikwambiaje?"

"Uliniambia nisiguse kitu, mama."

Mdoe akanitazama. Alikuwa mtu mzima kuliko mimi, mvi zimeshamwingia, lakini sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtoto. "Kaka, nimesafiri siku mbili kuja kusoma jina langu. Umelifuta kwa sababu gani? Nilikukosea nini?"

"Sikujua. Nilidhani ni uchafu."

"Ulisoma?"

"Sikusoma."

"Basi ulijuaje kuwa ni uchafu?"

Nikaona nyumba ikiniponyoka, na lililoniuma zaidi ni kwamba sikuweza kumlaumu mtu yeyote. Nikasema niikwangue chokaa kwa kisu, Bwana Nyange akanizuia: nikikwangua chokaa, mkaa nao utatoka.

Ndipo Mwanamvua aliposema, "Ngojeni." Akatoka, akarudi na ndoo ya maji na kata. "Juzi nilikuwa nadeki sebuleni, maji yakaruka ukutani. Palipolowa pakaonyesha lile doa la moshi wa taa lililokuwa chini ya chokaa. Mume wangu alipaka maji yenye harufu ya chokaa. Leo ubahili wake utatufaa."

Akarusha maji kata moja taratibu kutoka juu. Ukuta ukalowa, weupe ukafifia, na humo ndani, kama mtu anayekuja kwenye ukungu, yakaanza kutokea maandishi. Bi Salha akashika mdomo.

"Andika, Bwana Karani!" nikapiga kelele.

Bwana Nyange akachovya kalamu. Akapangusa ncha. Akaandika *Z*. Akachovya tena. Alipofika "Zuhura, Ijumaa, mwezi wa", ukuta ulikuwa umeanza kurudia weupe wake, na mstari ukapotea.

"Mwezi gani?" akauliza kwa upole.

Mwanamvua akarusha kata nyingine. "Wa tatu! Haraka, baba!"

"Kumbukumbu ya mahakama haiandikwi kwa haraka, mama. Nikikosea herufi moja leo, mtu atalia miaka ishirini."

Akachovya. Akapangusa. Ukuta ukakauka. Kata nyingine. Tulikuwa tumelowa sote hadi magotini. Kata ya kumi na moja au kumi na mbili, Mwanamvua akasimama, mkono kiunoni, akisema nusu kwa kicheko na nusu kwa kilio, "Jamani, leo nimeona! Chokaa hukauka kabla ya wino!"

Bi Salha ndiye aliyecheka kwanza. Akafuata karani mwenyewe. Mdoe hakucheka. Alikuwa amechuchumaa karibu na sakafu, mahali ambapo mwandiko wa marehemu ulikuwa umebanwa pembeni, kana kwamba aliongeza baadaye alipokosa nafasi juu. Akaomba kata, akaumwagia maji yeye mwenyewe, akasoma polepole: "Mdoe. Kilosa. Alfajiri, mvua kubwa. Wa kwanza wangu."

Bwana Nyange akayaandika neno kwa neno, na safari hiyo hakuna aliyemharakisha. Nilisimama na ndoo, nikimwagia kila ukuta ulipotaka kukauka, hadi alipoweka nukta.

Siku ile nikajua saini za shangazi ni za nini. Kama wino ungekuwa mwepesi kama chokaa yangu, Mdoe angefutwa mara mbili, ukutani na kwenye karatasi, nami ningelala kwenye chumba chake na kukoroma.

Lakini msidhani mambo yaliishia hapo. Kwa kuwa warithi wameongezeka, ukoo ulikaa upya, Mdoe akiwa amekaa kitako katikati yao. Muhtasari mpya. Tangazo jipya, siku tisini nyingine. Nilimrudishia Bi Salha ufunguo kwa mikono miwili, tukapanga chumba cha nane. Mdoe aliridhia mauzo, akasaini. Akaja mthamini, akaenda likizo, akarudi. Kodi, kibali, msajili. Siku nyingine nilikwenda ofisini kuangalia tu kama faili langu bado lipo hai. Waliokuwa wakinitania kwenye kahawa wakaacha utani wao wa zamani, wakaokota maneno ya Mwanamvua. Kila mtu aliyetangaza harusi kabla ya posa au kusifia mavuno yakiwa bado maua, aliyapata hayo hayo usoni. Ndivyo yalivyosambaa hadi kwa mtendaji wenu.

Mwaka mmoja na miezi saba baada ya kuuza shamba, nilisimama mbele ya dirisha la msajili na Mwanamvua. Karani wa pale akaandika jina langu, akapiga muhuri, akaipuliza hati kwa pumzi yake, akasema, "Usikunje kwanza, bado mbichi."

Tukaibeba vile vile wazi, yeye ameshika pembe hii na mimi ile, tukaenda nayo kwa miguu hadi nyumbani kwetu. Tukafungua mlango. Chokaa niliyoipaka kwa majivuno ilikuwa imeshakuwa ya manjano, imepasuka, inamenyeka na kuanguka vipande sakafuni. Na mikononi mwetu jina ndiyo kwanza lilikuwa linakauka.

Mwanamvua akazitazama kuta, akanitazama mimi, wala hakunionea huruma.

"Baba Sauda," akasema, "chokaa hukauka kabla ya wino."