Safu Isiyokuwa na Mkia

Hapo zamani, katika mji wa Kishakani, watu mia tatu walisimama juani siku tatu wakingoja kupanda pembea, na kila mara walipitwa na mtu mwenye kigwe cha rangi shingoni. Mtu huyo hawakumrushia hata kokwa ya tende. Waligombana wao kwa wao: huyu kasogea shibiri moja, yule kaacha kapu limsimamie naye kaenda kunywa maji, bibi fulani kamwita shoga yake aje asimame naye. Jambo hili nimelifikiri miaka mingi, nimelitafuta katika vitabu na kuwauliza watu wenye busara kunishinda, na mpaka leo sijalipatia jawabu. Basi nalisimulia kama nilivyolipokea, huenda msomaji akaona nisichokiona.

Sultani wa mji huo aliitwa Zahoro. Hakuwa katili. Alipenda kusifiwa, na waliomzunguka walimpa alichokipenda. Mwaka mmoja, Idi ilipokaribia, akaamuru ijengwe katika uwanja wa sikukuu pembea ambayo haijapata kuonekana: gurudumu la mti refu kuliko mnara, lenye vikapu vinane, kila kikapu cha mtu mmoja, na chini yake wanaume wanne wa kulizungusha kwa mipini. Akatangaza kuwa ni zawadi kwa raia wote, wakubwa kwa wadogo, kwa siku nne za Idi. Siku ya nne jua likizama itavunjwa, na mbao zake zitajenga banda la farasi wake.

Kamba zote za pembea hiyo zilisokotwa na ajuza mmoja jina lake Bi Kazija, ambaye kazi yake tangu ujana ilikuwa kuponda makumbi ya nazi na kusokota kamba. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi mwaka wa sita sasa. Alizaliwa Mkungu, kijiji kilicho nyuma ya kilima, na tangu miguu imkatae hajakiona tena. Wajenzi walipomwambia kwamba mtu akifika juu ya pembea huuona Mkungu wote, hadi mapaa ya nyumba, akamwita mwanawe.

"Pandu, mwanangu, unipeleke. Nikiliona paa la nyumba ya mama yangu mara moja, sitakusumbua tena."

"Mama, hujapata kunisumbua."

"Basi nitaanza leo," akasema Bi Kazija.

Pandu huyu hakuwa na shamba wala duka, na watu wa mjini walimwita mpumbavu, kwa kuwa akiambiwa jambo hulifanya kama alivyoambiwa. Akambeba mamake mgongoni, akaenda kusimama katika safu.

Lakini saa ya kwanza ya siku ya kwanza, Waziri Sharwani alijikuta nyuma ya muuza samaki. Akaenda kwa Sultani, akainama, akanena, "Bwana wangu, zawadi yako ni njema, ila haina adabu. Inanilinganisha mimi na mtu anayenuka pono."

Sultani akauliza, "Wataka nini?"

"Alama ndogo tu, bwana wangu. Kigwe."

Basi ikaamriwa kwamba atakayepeleka mbuzi katika jiko la Sultani atavikwa kigwe chekundu, na mwenye kigwe asiwekwe nyuma ya asiye nacho. Kabla ya adhuhuri vigwe vyekundu vilikuwa vingi, na wenyewe wakaanza kunung'unika kuwa wanachelewa. Ikaamriwa kigwe cha kijani, kwa mbuzi wawili, kiwapite wekundu. Kufika siku ya pili wakubwa wote walikuwa kijani, nao wakanuna. Ikaamriwa kigwe cha dhahabu, kwa ng'ombe mzima, kisichopitwa na chochote. Wapishi wa Sultani wakalia kwa moshi, na nyama ikaoza kwa wingi wake. Na ile safu ya raia haikusogea hata hatua kumi, maana kila kikapu kilichoshuka kilikuwa na kigwe kikikingoja.

Asubuhi ya siku ya tatu wenye dhahabu walikuwa arobaini. Wote wakafika mlangoni pa kupandia pembea wakati mmoja, na kila mmoja alikuwa na haki ya kumtangulia mwenzake. Kadhi akamkanyaga Waziri, Waziri akamvuta tajiri wa karafuu kilemba, na mlango ukaziba. Wale wanaume wanne hawakuamriwa kusimama, kwa hiyo waliendelea kuzungusha. Ikawa pembea inazunguka tupu, asubuhi hadi alasiri, mbele ya watu mia tatu wanaoingoja.

Hapo Pandu, mamake akiwa mgongoni, akacheka. Alicheka kwa sauti, na Sultani alikuwa amefika karibu.

"Ewe mpumbavu, wacheka nini?"

"Nacheka ujinga wangu, bwana wangu. Nilidhani mbele ni mahali pa mtu mmoja. Kumbe pamegaiwa watu arobaini."

Sultani akakunja uso, kwani maneno yalimchoma, na mtu akichomwa mbele ya watu hatafuti haki, hutafuta pa kutupia aibu yake. Akanena, "Kwa kuwa una akili kutushinda, nakuamuru: kesho unifanyie safu ambayo kila mwenye kigwe cha dhahabu ni wa kwanza, wala hamna wa nyuma. Nitakuja alasiri. Nikimkuta mmoja wao ananung'unika kwamba ametanguliwa, wewe na mama yako mtatoka mjini kabla pembea haijavunjwa. Na hamtarudi."

"Na kama hawatanung'unika, bwana wangu?"

"Utataka utakacho."

Njiani kurudi nyumbani Bi Kazija akasema, "Mwanangu, kinywa chako kitatuua."

"Mama, yeye kasema wa kwanza wote. Mimi nitafanya vivyo hivyo."

"Na Mkungu wangu?"

Pandu akamweka sawa mgongoni, akaendelea kwenda.

Siku ya nne, mapema, Pandu akamketisha mamake mahali pao katika safu, akaja na kapu la majivu. Kiti cha Sultani kilikuwa upande wa pili wa uwanja, chini ya mwavuli wake, kitupu. Akakizungushia mstari wa majivu, duara pana, kisha akawaita wenye dhahabu.

"Waheshimiwa, Sultani ameamuru kila mmoja wenu awe wa kwanza. Na kwa heshima yenu, safu yenu ni hapa, kukizunguka kiti chake, si kule kwenye vumbi la makabwela."

Wakapendezwa. Wakasimama juu ya majivu, mmoja nyuma ya mwingine, hata duara likajaa. Kadhi, aliyezoea kuuliza, akauliza, "Na tutajuaje nani wa kwanza?"

"Bwana Kadhi, wewe ndiye msomi. Wa kwanza ni nani?"

Kadhi akashika ndevu. "Wa kwanza ni yule ambaye wenzake wote wako nyuma yake."

"Basi geuka uwahesabu."

Kadhi akageuka, akahesabu kwa kidole toka aliyemfuata, akalizunguka duara lote. "Thelathini na tisa," akasema, na uso ukamng'aa. Waziri naye akahesabu, akapata thelathini na tisa. Kila mmoja akahesabu, na hapana aliyepungukiwa.

Waziri Sharwani peke yake akasita. Mbele yake palikuwa na mgongo mpana wa tajiri wa karafuu. "We Pandu, na huyu je? Mbona namwona mbele yangu?"

Pandu akasogea akamnong'oneza. "Mheshimiwa, huyo ndiye mkia wa safu. Umewatangulia mno hata umemfikia kwa nyuma."

Waziri akautazama ule mgongo kwa huruma. "Maskini," akasema. "Na ng'ombe wake mzima yule." Akapiga hatua kumfuata, na duara lote likaanza kuzunguka.

Sitaki kuwacheka kupita kiasi. Nimepata kuona watu wazima, wenye elimu, waliotembea maisha yao yote katika duara la namna ile, na walikuwa na shukrani. Lakini wale arobaini walitembea kifua mbele, kilemba juu, kila mmoja akigeuka mara kwa mara kuhakikisha walio nyuma bado wako nyuma. Hakuna aliyeitazama pembea.

Pandu akamwendea bawabu wa mlango. "Fungua, watu wapande."

"Nifungue nikatwe mkono? Sheria yasema mwenye kigwe asiwekwe nyuma ya asiye nacho."

"Watazame kule. Kuna hata mmoja aliye nyuma ya muuza samaki?"

Bawabu akatazama, akakuna kichwa. "Hakuna."

"Na wekundu na kijani wako wapi?"

"Wamesimama kandokando ya duara, wanawaonea wivu."

"Basi unamngoja nani?"

Bawabu akafungua. Safu iliyokwama siku tatu ikaanza kwenda, wanane wakipanda, wanane wakishuka. Pandu akarudi mahali pake, akambeba mamake. Watu wakasema, "Bi Kazija, pita mbele, wewe ndiye uliyesokota kamba."

"Nikipita nitahitaji kigwe," akajibu ajuza. "Na shingo yangu haina nafasi, ina mikunjo."

Wakacheka, wakangoja zamu. Zamu ilipofika, Pandu akamkalisha kikapuni, akamfunga kwa kamba aliyoisokota mama mwenyewe. Gurudumu likapanda. Bi Kazija alipofika juu kabisa, Pandu akawaomba wanaume wanne washike mipini kidogo, nao wakashika.

"Mama! Unaona?"

Sauti ikashuka, nyembamba. "Naona. Wameliezeka upya, Pandu. Makuti mapya. Sijui ni nani, ila wameliezeka."

Aliposhuka alikuwa analia.

Alasiri Sultani akaja. Akaona raia vikapuni, na wakubwa wa nchi wanazunguka kiti chake. Akamsimamisha wa karibu.

"Waziri, umepanda pembea leo?"

"Bado, bwana wangu. Lakini mimi ndiye wa kwanza."

"Na wewe, Kadhi?"

"Wa kwanza, bwana wangu. Nimehesabu."

Akamuuliza wa tatu, wa nne, wa kumi. Wote walikuwa wa kwanza, na wote walikuwa hawajapanda. Hakuna aliyenung'unika.

Sultani akamgeukia Pandu. "Umewadhihaki watu wangu."

"Bwana wangu, uliniamuru safu. Safu wanayo, na haina mkia. Pembea hukuitaja, nao tangu asubuhi hawajaiulizia. Niliona wamekuja kwa ajili ya mbele, nikawapa mbele."

Sultani akacheka hata akashika nguzo ya mwavuli. Kisha kicheko kikamkatika, kwa maana aliona kile kiti kilichozungukwa ni chake, na akakumbuka vile vigwe vilivikwa kwa mkono wa nani. Akasimama kitambo akitazama majivu.

Mwisho akasema, "Taka utakacho."

"Bwana wangu, hawa wanne wameizungusha pembea siku nne, na hawajaipanda hata mara moja. Nataka wapande, kisha na kila aliyebaki katika safu, hata kama jua litazama leo na kesho."

"Na nani atazungusha?"

"Wapo watu arobaini, bwana wangu, ambao tangu asubuhi wamejizoeza kuzunguka."

Basi likaamuliwa hapo hapo, mbele ya mji wote: pembea isivunjwe mpaka raia wa mwisho apande, vigwe vyote vifumuliwe na nyuzi zake apewe Bi Kazija asokote kamba, na wenye dhahabu waizungushe kwa zamu, wanne wanne. Na aliyeanza kuitekeleza amri ni Waziri Sharwani, aliyeshika mpini wa mbele kabisa, kwa kuwa kigwe chake kilikuwa bado shingoni na haikuwa halali mtu amtangulie.