Ufunguo wa Tutafika

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema, ni hizi za juzi tu malori yalipokuwa na pua ndefu, kule Tukuyu palikuwa na lori lililoitwa Tutafika. Jina liliandikwa juu ya kioo cha mbele kwa rangi nyekundu. Lilishusha ndizi Kyela likapandisha mchele, likabeba maharusi, likabeba kwaya ya Pasaka. Watu waliijua honi yake kabla halijatokeza konani, na akina mama waliacha majembe wakapunga mikono. Raha ile haipo tena, msinibishie.

Dereva wake alikuwa Mzee Ambokile, miaka thelathini kiti kilekile. Ukimtoa kwenye usukani hajui aiweke wapi mikono yake. Tajiri wake alishafariki, lori likabaki kwa mjane, Mama Sekela, mtu wa maneno machache.

Wiki moja kabla ya Pasaka, mgongo ulimbana Ambokile, akamwambia binti yake Tumpe, aliyepata leseni karibuni, alisogeze lori uani. Tumpe alirudi uso umemshuka. Alisema pedeli ya breki ni laini, inazama mpaka chini, na kwaya haiwezi kupanda lori hilo. Ambokile alikasirika. Akajikongoja, akapanda, akakanyaga, pedeli ikashika vizuri tu. Akamwambia bintiye kilicho laini ni mguu wake.

Lakini Tumpe alikuwa anautazama mguu wa baba yake.

"Baba, umekanyaga mara mbili. Kanyaga mara moja tu, halafu shikilia."

Ambokile akakanyaga mara moja. Pedeli ikazama. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Madereva wote wa mteremko ule wa Kyela walifundishana kupiga breki mara mbili kabla ya kila kona, na yeye hakukumbuka tena ni tangu lini mguu wake ulianza kulifichia lori ugonjwa.

Mama Sekela akatoa neno. Lori lisipopona kufikia Ijumaa Kuu, linakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Likipona, aliyeliponya atapewa ufunguo, na yeye ndiye atakuwa dereva wake.

Akaitwa fundi Lwitiko, ambaye ujana wake wote alikuwa utingo wa lori hilohilo, akiutamani usukani wake. Akatoa upepo kwenye mabomba ya breki, pedeli ikazama. Akabadili raba za masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, pedeli ikazama. Akafungua magurudumu yote, akakuta pakavu, akarekebisha brekishuu zinazobana magurudumu, pedeli ikazama. Siku tatu hizo, chakula anakulia chini ya lori. Alhamisi akafuta mikono, akasema upepo haumo, hakuna panapovuja, masta silinda ni nzima, na yeye amefika mwisho.

Ambokile alisikiliza yote hayo. Kama si huko na si kule, akasema, basi imebaki mipira inayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu. Akalala chini ya lori na mgongo wake mbovu, akaushika mpira wa gurudumu la mbele kushoto, akamwambia Tumpe akanyage. Mpira ukavimba kiganjani mwake. Kwa nje ulionekana mzima, kumbe ndani umechoka, na nguvu yote ya mguu ilikuwa inaishia hapo. Wakafunga mpya, wakatoa upepo, pedeli ikashika juu kwa mkanyago mmoja. Mzee akabaki amelala palepale analia, wala hakujificha.

Ijumaa Kuu asubuhi wakasimama watatu mbele ya Mama Sekela.

Tumpe akasema, "Bila mimi msingejua kwamba linaumwa. Mngewazika watu."

Lwitiko akasema, "Bila mimi mngetafuta mpaka leo. Nimefunga milango yote, ukabaki mmoja."

Ambokile akasema, "Mpira nimeukuta mimi." Kisha akamalizia, "Na ugonjwa niliuficha mimi, miaka sijui mingapi."

Mama Sekela aliufungua ufunguo kwenye pindo la kanga, akautazama, akawatazama. Ufunguo ni mmoja, na mkono wake umeshanyooka.

Haya, nyinyi mliokaa hapa, na wewe unayejifanya husikii: je, angemkabidhi nani?