Mraba Uliovutwa Pembe

Chekeni mmalize, nimewaona. Ndiyo, nimeweka vidole viwili kwenye Biblia ya karatasi nikavipanua ili herufi ziwe kubwa. Zilipokataa kukua, nikarudia! Wapendwa, nimehubiri kuanzia Songea mpaka Bujumbura, nimelala kwenye madawati, nimekula visivyo na jina, lakini kuchekwa na besi nzima ya kwaya kabla hata sijasoma somo, hilo limenipata hapa nyumbani. Vidole vimezoea kishikwambi cha mke wangu. Haya, tubaki humo humo kwenye kishikwambi.

Palikuwa na mwalimu wa jiometri aliyewagawia wanafunzi wake vishikwambi vyenye programu ya kuchora maumbo. Raha ya programu hiyo ni kwamba umbo halitulii kama la chaki ubaoni: unashika pembe kwa kidole, unaivuta, nalo linakufuata. Akawaambia, "Nitengenezeeni mraba. Ulio bora utaonyeshwa ukutani siku ya wazazi."

Kijana mmoja moyo ukamruka. Mama yake angekuja, na mama huyo shuleni huitwa kwa makosa tu. Safari hii aone kitu! Akaweka nukta nne kwa kukadiria, akaziunganisha, akafumba jicho moja, akasogeza kidogo. Mraba safi, kama umetoka dukani. Jirani yake, binti, alikuwa bado anahangaika na maduara na mistari, kioo chote kama kuku wamepita.

"Dada, unachora mraba au unasuka kikapu?"

"Wewe wako umeuvuta?"

"Niuvute wa nini? Si unauona!"

Binti akanyoosha kidole, akaivuta pembe moja. Jamani! Mraba ukapinda, ukalala ubavu, ukawa kama chapati zangu mke wangu akisafiri. Kijana naye akauvamia wa binti, akavuta huku, akavuta kule. Ukakua, ukasinyaa, ukazunguka, lakini pande zikabaki sawa na pembe zote zimesimama. Wa binti ulikuwa umejengwa juu ya yale maduara na mistari. Wa kijana ulikuwa umefanana tu.

Akasimama, machozi karibu. "Mwalimu! Huyu ameniharibia mraba wangu! Na mama anakuja!"

Jibu la mwalimu nitawapa. Kwanza, sisi je? Jumapili nani hapa si mraba? Shati limepigwa pasi, tabasamu limenyooka. Halafu Jumatatu jirani anakata tawi la mti wetu bila kuuliza. Mkwe anafika bila taarifa, na mabegi mawili. Solo tuliyoizoea anapewa mwingine. Mama, usiniangalie hivyo, huu ni mfano tu! Pembe moja imevutwa, upendo wote chali. Na tunakimbilia wapi? Kwa Mungu, kukishtaki kidole! "Bwana, nilikuwa mpole kabisa mpaka alipokuja huyu." Mimi mraba wangu umepinda sasa hivi, besi walipocheka; nilikuwa natafuta andiko la kuwapiga nalo.

Basi sikieni lile jibu, mkitoka mlibebe hivyo hivyo. Mwalimu aliutazama ule mraba uliolala, akamwekea kijana mkono begani, akasema:

"Hajauharibu, mwanangu. Haukuwa mraba. Futa, uanze na duara."