Mahali Alipopasifia

Ndugu zangu, sogeeni mbele kidogo, jua limeshaingia kwenye mikeka ya nyuma. Na wewe uliyeegemea nguzo, najua umeshiba pilau, lakini usinisinzilie. Mfano wa leo ni mfupi, na mwisho wake unaweza ukakuhusu.

Mchukulieni daktari mmoja bingwa wa kupasua kichwa. Jina lake halitusaidii. Alikuwa na mkono, mtu huyo, mpaka madaktari wenzake walikuwa wakiacha chai yao mezani wakaenda kumtazama akifanya kazi. Ubongo si nyama ya bucha, jamani. Ni kitu laini kama maziwa mgando, na ndani ya ulaini ule ndimo linamokaa jina la mama yako, na njia ya kurudi kwako, na Alhamdu unayoisoma kila siku. Yeye aliingia humo na vyuma vyake akatoka bila kuvunja kitu. Mimi sindano tu hunitoa jasho! Mtu wa namna hiyo tumpe heshima yake, na sifa zote zimrudie aliyemuumba.

Siku moja akaletewa mama mmoja muuza vitumbua. Alikuwa mama wa maneno, mwenye kutaniana na kila mteja, lakini sasa maneno yalikuwa yanamtoroka. Akitaka kusema "mafuta" anasema "mlango". Wateja mwanzoni walicheka, wakidhani ni utani wake wa kila siku. Kisha asubuhi moja akataka kumwita binti yake aje ale, akafungua kinywa, jina halikuja. Akalia, na binti naye akalia. Wakampima kichwa, wakaukuta uvimbe, tena uvimbe mbaya, umejibanza karibu na pale maneno yanapopita.

Sasa hapo ndipo palipo na kazi. Ukikata kidogo mno unaacha mabaki, na mabaki yale humea upesi kama magugu baada ya mvua. Ukikata kupita kiasi, mama anazinduka bubu. Na uvimbe wa aina ile hauna mpaka. Pembezoni umechanganyika na ubongo wenye afya kama chumvi na sukari kwenye sahani moja. Nani atakuchambulia?

Asubuhi ya upasuaji daktari alimpelekea mama kikombe cha dawa kwa mkono wake mwenyewe.

"Hii ndiyo itakayoniponya, baba?" mama akauliza, polepole, akiyatafuta maneno.

"Haiponyi, mama yangu. Kazi yake hii ni kuchongea. Uvimbe ukiinywa unajisema wenyewe. Tukizima taa tukaumulika kwa mwanga wa buluu, unawaka rangi ya waridi."

Mama akainywa, akakunja uso. Kisha akamshika daktari mkono wa koti. "Utautoa wote?"

"Nitatoa nitakachokiona."

"Na usichokiona?"

Daktari alicheka kidogo, akampigapiga bega, akasema Mungu yupo. Lakini swali lile lilimkera. Alikuwa amepasua vichwa miaka na miaka kabla taa hiyo haijaletwa, kwa macho yake haya haya mawili. Leo muuza vitumbua amwambie kuna asichokiona?

Basi daktari wa usingizi akamlaza mama, fuvu likafunguliwa. Taa kubwa za juu zilikuwa nyeupe pee, unaona hata kishipa kilicho chembamba kama uzi. Daktari akainamia hadubini, akafanya kazi saa nyingi, anafyonza hapa, anaziba damu pale, hamsemeshi mtu. Wanafunzi wake walikuwa wakitazama kwenye skrini ukutani, na nina hakika wapo waliosahau kupumua. Mtu akifanya kazi namna ile, ndugu zangu, kazi yenyewe inakaribia ibada.

Mwishowe akanyoosha mgongo. Palikuwa safi. Akawaita wanafunzi wasogee, akawaonyesha ukingo mmoja, ule wa upande wa maneno, uliokuwa mgumu kuliko zote.

"Tazameni hapa," akasema. "Hivi ndivyo ukingo unavyosafishwa. Mkishaota mvi kama zangu mtafika hapa."

Wote wakaitikia. Mmoja akasema, "Mwalimu, hapo hata nzi angeteleza!" Wakacheka. Nesi akaanza kuandaa nyuzi za kufungia. Saa zilikuwa zimekwenda, migongo inauma, matumbo yananguruma, na kila mdomo mle ndani unasema safi, safi, safi.

Methali mnaijua: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sisi tembo hatunywi, lakini maji tunayatia! Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Ungefunga. Na mimi ningefunga, nikaenda zangu kula.

Daktari alipokea uzi, akasimama nao. Neno la yule mama lilikuwa halijamtoka. Na usichokiona? Moyo mmoja ukamwambia, mzee, usijiaibishe mbele ya watoto. Umeshatoa somo, ukizima taa sasa na kikaonekana kitu, uso wako utauweka wapi? Moyo mwingine ukamwambia, huyu mama ana binti anataka kumwita jina.

"Zimeni taa," akasema.

Wakatazamana. "Zote, mwalimu?"

"Zote za juu."

Giza likaingia. Akawasha mwanga wa buluu wa hadubini. Kwenye skrini pakawa buluu tupu. Halafu, pale pale, kwenye ukingo ule ule aliowaonyesha, mahali alipopasifia kwa kinywa chake, pakawaka kipande cha rangi ya waridi, kama kaa lililosahauliwa jivuni.

Yule mwanafunzi wa utani wa nzi akajaribu kumsitiri mwalimu wake. "Labda taa hii ina kasoro, mwalimu. Tuwashe zile kubwa tuangalie vizuri."

"Tukiwasha hatutakiona," daktari akasema. "Zile kubwa ndizo zilizonidanganya. Taa hii haina kasoro, mwanangu. Ni mimi nilikuwa sijamaliza. Lile somo la kwanza lisahauni. Somo ni hili. Nileteeni kiti."

Mnamwona mtu? Mimi mtu huyu nampenda. Hakugomba, hakumtafutia nesi kosa, hakusema eti ni uchovu. Alikaa kwenye kile kiti, na mgongo wake unaouma, akaanza upya mahali ambapo alikuwa ameshasifiwa. Wala hakuharakisha ili aibu iishe, maana pale ndipo maneno yanapopita, na mkono wenye haraka ungemwacha mama bila ulimi. Alichukua kidogo, akatazama, akachukua kidogo tena. Ile rangi ikapungua, ikapungua, ikazimika. Akazungusha mwanga pembe zote. Ndipo akaomba taa na nyuzi.

Mama alipozinduka alikuwa mzito wa ulimi kwanza, watu wakaingiwa na hofu. Kisha binti yake akaja na uji. Mama akamtazama, akaonja, akamwita jina lake na la baba yake juu, akamuuliza amelelewa na nani hata akapika uji usio na sukari. Wodi nzima ikaangua kicheko, na binti akawa anacheka huku machozi yanamtiririka. Je, ugonjwa hautarudi kamwe? Siwadanganyi. Uvimbe ule ni mkaidi, na umri uko kwa Mola. Lakini kile kipande hakikubaki kichwani mwa mtu kwa sababu ya kulinda uso wa mtu mwingine.

Sasa nawaona mnatikisa vichwa. Mmeupenda mfano, na kila mmoja ameshapata wa kumpelekea. Huyu anamfikiria shemeji yake, yule anamfikiria mwenyekiti wetu wa msikiti. Hapana! Acheni hiyo! Daktari hakutoka na taa yake kwenda kumulika kazi ya jirani. Aliimulika kazi yake mwenyewe, tena pale pale aliposifiwa.

Maana sisi, ndugu zangu, madhambi tunayoyajua tunayalilia, tunayatubia. Kinachotumaliza ni pale tunapoamini tumepasafisha. Ukarimu wako unaotajwa soko zima, ukifika nyumbani unageuka kisirani. Swala yako ya safu ya mbele, ulimsukuma mzee ukaipata. Na wewe unayewahadithia wenzio namna ya kulea, mbona mwanao akisikia hodi yako anajificha uani? Kwenye taa za watu sisi sote ni safi. Nani kati yetu amewahi kuomba zizimwe?

Na mwanga ule mwingine tunao. Ni mke, ni mume, ni mtoto, ni dada anayekufulia, anayekujua ukiwa umevua kanzu. Tumewakemea mpaka wamenyamaza wote, kisha tunasimama mbele ya watu tukiwaonyesha ukingo.

Leo ukifika nyumbani usihutubie. Keti chini, umuulize yule anayekujua kuliko wote: katika hili ninalosifiwa, kimebaki nini? Akianza kusema, usijitetee, hata neno moja. Na akikuogopa akanyamaza, jua umeshajibiwa.